Wabunge wa Wales na Vita vya Mfalme na Bunge, 1640–1660: Nani Alimsaliti Nani?



Tunapofundisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza vya karne ya 17, Wales huwa tunaipitia mbio. Mwanafunzi huambiwa kwamba nchi hiyo ndogo ya milima, upande wa magharibi, ilimpa Mfalme Charles wa Kwanza askari wengi wa miguu. Kisha huambiwa kwamba wanasiasa wake walikuwa bendera fuata upepo: leo kwa Mfalme, kesho kwa Bunge, keshokutwa wamerudi walikotoka. La kwanza ni kweli. La pili limerudiwa tangu vita vyenyewe vikipiganwa, nami nimekuja kulipinga. Nitasema kwamba wengi wa wanasiasa hao walishika jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho, nalo ni usalama na haki za kaunti zao, na kwamba mara nyingi waliovunja ahadi kwanza walikuwa wakubwa wao wa pande zote mbili. Nitawataja pia wasiostahili utetezi huu, maana wapo.

Jambo hili halituhusu kwa mbali tu. Mabunge ya Dodoma, Nairobi na Kampala yana Spika, yana siwa, na yana kinga inayomzuia mtawala kumkamata mbunge kwa sababu ya maneno aliyoyasema ukumbini. Utaratibu huo tuliurithi Westminster, na katika miaka 20 ninayoizungumzia watu wa Westminster walimwaga damu kwa ajili yake. Ni vizuri tujue waliokuwamo walikuwa akina nani, hata wale wa viti vya nyuma.

Tuanze na viti vyenyewe. Wales ilipata nafasi ya kudumu bungeni kwa sheria za Mfalme Henry wa Nane za mwaka 1536 na 1543, zilizoiunganisha na England. Kila kaunti kati ya 12 ilipewa mbunge mmoja, wakati kaunti za England zilikuwa na wawili wawili. Miji nayo ilipewa wake, wawili kule Pembrokeshire na mmoja mmoja kwingine, isipokuwa Merioneth, kaunti ya milima iliyohesabiwa kuwa maskini mno kulipia mbunge wa pili. Ukijumlisha na wabunge watatu wa kaunti ya mpakani ya Monmouthshire unapata 27, ndani ya baraza lililokuwa na watu zaidi ya 500 vita vilipokaribia. Kwa hesabu hiyo Wawelisi hawakuweza kupitisha wala kuzuia jambo lolote peke yao.

Sheria ile ya mwaka 1536 ilikuwa na kifungu kingine. Mtu asiyetumia Kiingereza hakuruhusiwa kushika wadhifa wowote wa serikali katika Wales. Watu wengi mno wa nchi hiyo walijua Kiwelisi tu. Basi fikirini hali ya mbunge wa Anglesey au Cardigan: nyumbani anasemeshwa kwa lugha moja, mahakamani anaamua kwa lugha nyingine, na akifika London hana ruhusa ya kusema hata neno moja kwa lugha ya waliomtuma. Sisi wenye bunge linaloendeshwa kwa Kiswahili tunaweza kupima hasara hiyo kuliko wengi. Viti vyenyewe vilizunguka ndani ya koo chache zenye ardhi: Vaughan wa Golden Grove kule Carmarthen, Mansell kule Glamorgan, Wynn wa Gwydir, Bulkeley wa Anglesey, Salusbury wa Denbigh, Mostyn wa Flint. Mara nyingi uchaguzi ulimalizwa mezani kwa wazee wa koo hizo kabla mpiga kura hajatoka nyumbani.

Charles alitawala bila Bunge tangu mwaka 1629 hadi 1640. Alipoliita tena, kwa shida ya fedha za vita vyake na Waskoti, alikuta kinyongo cha miaka 11. Wawelisi nao walikuwa na chao: kodi ya meli waliilipa kwa miaka kadhaa, na walichoka. Bunge lililokuja kuitwa Bunge Refu lilipofunguliwa tarehe 3 Novemba 1640, wabunge wa Wales hawakusimama upande wa Mfalme kama kundi. Mmoja wa waliosimamia mashtaka dhidi ya Lodi Strafford, waziri aliyechukiwa kuliko wote, alikuwa mwanasheria Mwelisi, John Glynne, mzaliwa wa Glynllifon katika Caernarfonshire, aliyekaa bungeni kwa kiti cha Westminster. Nitamrudia.

Kilichowasukuma wengi wao kwa Mfalme kilikuja baadaye, na kilihusu kanisa. Kitabu cha Sala kilikuwa kimetafsiriwa kwa Kiwelisi mwaka 1567 na Biblia nzima mwaka 1588. Kanisa la kijiji likawa mahali pekee pa hadhi ambapo Kiwelisi kilisikika kila Jumapili kwa amri ya sheria. Wapuritani wa London, Waprotestanti wenye msimamo mkali, walipoanza kudai Kitabu cha Sala kitupwe na maaskofu waondolewe, walidhani wanasafisha dini. Mkulima wa Wales aliona mtu wa mbali anataka kumnyamazishia padri wake. Ongeza hofu ya maasi ya Ireland ya Oktoba 1641, ng'ambo ya bahari nyembamba, na ongeza kwamba Wawelisi waliukumbuka ukoo wa Tudor kuwa wa kwao, wenye asili ya Penmynydd huko Anglesey, na Charles alirithi kiti kupitia ukoo huo. Tarehe 4 Januari 1642 Mfalme aliingia bungeni na watu wenye silaha kuwakamata wabunge watano, akawakosa. Mwezi Agosti alipandisha bendera ya vita Nottingham. Septemba alikuwa Shrewsbury, mpakani mwa Wales, na vijana wa Kiwelisi walimiminika kwake. William Herbert, mbunge wa Cardiff, aliuawa Edgehill tarehe 23 Oktoba 1642, katika pambano kubwa la kwanza. Vijitabu vilivyochapishwa London viliwadhihaki askari hao kwa Kiingereza cha kuchekesha, na nadhani sifa mbaya ninayoipinga leo ilianza kukomazwa hapo.

Sasa twende Conwy, mji mdogo wenye ngome kubwa kwenye pwani ya kaskazini. Hapo alizaliwa John Williams mwaka 1582. Hakuna Mwelisi wa kizazi chake aliyepanda juu kuliko yeye: Mtunza Mhuri Mkuu wa Mfalme kuanzia 1621 hadi 1625, na hakuna kasisi mwingine aliyeshika wadhifa huo baada yake. Askofu wa Lincoln, kisha Askofu Mkuu wa York. Alikuwa mtu wa maridhiano katika zama zisizotaka maridhiano. Mahasimu wake katika baraza la Mfalme walimfikisha mahakamani mwaka 1637, akatozwa faini ya pauni 10,000 na kufungwa katika Mnara wa London. Bunge Refu lilimfungua. Mwaka mmoja baadaye Bunge hilohilo lilimfunga tena pamoja na maaskofu wenzake 11, kwa kuandika kwamba maamuzi ya Baraza la Malodi ni batili iwapo maaskofu wanazuiwa na ghasia za mitaani wasihudhurie. Amefungwa na Mfalme, amefungwa na Bunge, na vita havijaanza.

Alipoachiliwa na vita kuanza, alikimbilia kwao. Aliikarabati ngome ya Conwy kwa fedha zake mwenyewe na kuishikilia kwa niaba ya Mfalme. Kwa kuwa watu walimwamini, waungwana na wakulima wa jirani walipeleka ngomeni hati zao za mashamba, vyombo vyao vya fedha na kila kitu cha thamani, awatunzie mpaka amani irudi. Alikuwa pia msemaji wao. Katika barua aliyomwandikia Prince Rupert, mpwa wa Mfalme na jemadari wake, aliwatetea wafanyabiashara wa ng'ombe waliozuiwa njiani na majeshi, akawaita merikebu za dhahabu za Wales ya kaskazini, akiwafananisha na zile za Hispania, kwa kuwa ndio walioleta kila chembe ya fedha iliyoingia huko. Aliyewahi kuishi katika wilaya ya wafugaji mwaka ambao mnada umefungwa anajua alikuwa anaombea nini.

Mwezi Mei 1645 Sir John Owen wa Clenennau, kanali wa Mfalme na mtu wa kaskazini hukohuko, aliingia Conwy kwa amri ya Rupert. Alimtoa askofu mkuu ngomeni kwa nguvu na kuzishika mali za watu. Wenyewe walipodai walichokabidhi, walinyimwa. Williams alimlalamikia Mfalme, na Mfalme hakumpa haki yake. Naomba tusimame hapa kidogo. Mzee wa miaka 63, aliyetumia fedha zake kwa ajili ya Mfalme, amevunjiwa neno alilowapa majirani zake. Afanye nini?

Alikwenda kuzungumza na Thomas Mytton, jemadari wa Bunge, akawasaidia askari wake kuuteka mji wa Conwy mwezi Agosti 1646. Ngome yenyewe ilisalimu amri mwezi Novemba. Sharti lake kwa Bunge lilikuwa mali zirudishwe kwa wenyewe. Watu wa Mfalme walimwita msaliti, na vitabu vingi vikaliacha jina hilo lisimame. Mimi silikubali. Williams alikuwa amewaahidi watu wa Conwy kulinda mali zao, na ahadi hiyo aliitimiza kwa mkono wa adui kwa sababu rafiki alikataa. Alifariki mwaka 1650 na kuzikwa Llandygai.

Kisa hiki hakikuwa cha mtu mmoja. Kusini, katika kaunti ya Glamorgan, jemadari wa Mfalme, Charles Gerard, alikuwa ametembeza mkono mzito kwa miezi mingi: ng'ombe kuchukuliwa, michango ya lazima, vijana kukamatwa usiku na kusukumwa jeshini. Mfalme aliposhindwa vibaya Naseby tarehe 14 Juni 1645, alikimbilia Wales kutafuta askari wapya. Mwishoni mwa Julai alikutana na maelfu ya wanaume wa Glamorgan wakiwa na silaha, wakijiita Jeshi la Amani. Hawakumpinga kuwa Mfalme. Walimpa masharti: Gerard aondoke, liwali Mwingereza wa Cardiff aondolewe na awekwe mtu wa kwao, na michango ipunguzwe. Mfalme wa Uingereza, mtu aliyefundishwa kwamba anawajibika kwa Mungu peke yake, alikubali. Sir Richard Bassett, mwenyeji wa Glamorgan, akapewa Cardiff. Kabla Septemba haijaisha mji ulikuwa mikononi mwa watu wa Bunge, kwa sababu wenyeji hawakuona tena kwamba Mfalme anaweza kuwalinda. Katika vita vyote hivi sijaona pengine ambapo raia wa kawaida wa Wales alisema waziwazi anachotaka, na walichokitaka kilikuwa serikali inayotoka karibu nao na isiyowanyang'anya mifugo.

Nimetaja Naseby na siwezi kupita bila kusema lililotokea baada ya pambano. Askari wa Bunge walivamia msafara wa mizigo wa Mfalme na kuua wanawake wapatao 100. Wengine walichanjwa nyuso. Walioua walisema wanawake hao walikuwa Wairishi, na Bunge lilikuwa limepitisha amri mwezi Oktoba 1644 kwamba Wairishi wakikamatwa vitani wasihurumiwe. Wanahistoria wengi wanaamini kwamba baadhi yao, huenda wengi, walikuwa wake wa askari wa Kiwelisi, waliopiga kelele kwa lugha ambayo muuaji hakuielewa, na visu walivyokutwa navyo vilikuwa vya kupikia. Ndani ya Bunge hilo walikuwamo wabunge Wawelisi waliojua Kiwelisi. Ni lawama nzito kuliko zote ninazoweza kuwapa, na siwatetei kwayo.

Upande wa Bunge, Mwelisi wa heshima kubwa alikuwa Sir Thomas Myddelton wa Chirk, mbunge wa Denbighshire. Baba yake, aliyekuwa Meya wa London, alisaidia kugharimia Biblia ndogo ya Kiwelisi ya mwaka 1630, ambayo familia ya kawaida iliweza kuinunua kwa shilingi tano na kuisoma nyumbani. Mwana alikuwa Mpuritani wa aina hiyo: dini yake ilipitia lugha ya watu wake. Watu wa Mfalme waliiteka ngome yake ya Chirk mapema mwaka 1643, na mwaka huohuo Bunge likamteua kuwa jemadari wa kaskazini mwa Wales. Jaribio lake la kwanza, la Novemba 1643, lilivunjika askari wa Mfalme walipotua kutoka Ireland. Mwaka uliofuata aliingia kupitia Montgomery. Mwenye ngome ya hapo, Edward Herbert, mwanafalsafa na lodi aliyechoshwa na vita, aliifungua bila risasi tarehe 5 Septemba 1644, na siku 13 baadaye majeshi ya Bunge yalilivunja jeshi la Mfalme pale chini ya ngome. Hilo lilikuwa pambano kubwa kuliko yote ya awamu ya kwanza ya vita katika ardhi ya Wales. Desemba Myddelton alifika kwake Chirk na kuihusuru nyumba yake mwenyewe. Hakuweza kuitwaa, maana hakutaka kuibomoa kwa mizinga.

Zawadi aliyoipata ni hii: mwaka 1645 sheria iliyowakataza wabunge kushika vyeo vya kijeshi ilimwondoa, na Mytton, shemeji yake, akachukua nafasi. Tarehe 6 Desemba 1648 Kanali Pride alisimama mlangoni mwa Bunge na orodha ya wabunge wanaoonekana kuwa tayari kupatana na Mfalme, akawazuia. Myddelton alikuwa miongoni mwao. Mbunge aliyepigana ili Mfalme asiingie bungeni na askari, alizuiwa kuingia bungeni na askari wa Bunge. Mwaka 1659, akiwa na miaka 73, alimtangaza Charles wa Pili, mwana wa Mfalme aliyekuwa ameuawa mwaka 1649, kuwa mfalme katika mji wa Wrexham, akajiunga na maasi yaliyoshindwa, na Jenerali Lambert wa jeshi la Bunge akaizingira Chirk na kuibomoa sehemu. Je, huyu naye ni kigeugeu? Aliingia vitani kutetea Bunge linalokaa huru chini ya sheria, na alitoka upande mmoja kwenda mwingine kila alipoona upande aliopo umeacha jambo hilo. Mawe ya Chirk yanaonyesha alilipa kiasi gani.

Pembroke, kusini-magharibi, ilikuwa na jambo lake. Mji huo ulishikilia upande wa Bunge tangu 1642, wakati karibu Wales yote ilikuwa ya Mfalme, na aliyeushikilia alikuwa meya wake, mfanyabiashara John Poyer, akisaidiwa na Rowland Laugharne, jemadari hodari. Baada ya ushindi, mahasimu wa Poyer katika kaunti, waliokuwa upande wa Mfalme mpaka ilipokuwa hatari kubaki huko, walikimbilia London kumshtaki kwa wizi. Bunge liliwasikiliza. Mwaka 1648 aliambiwa aikabidhi ngome na avunje kikosi chake, na malipo waliyokuwa wakidai yeye na askari wake hayakutolewa. Alikataa, na kutoka kwenye ugomvi wa mishahara akafika kumtangaza Mfalme. Laugharne na kamanda mwenzao Rice Powell walimfuata. Tarehe 8 Mei 1648, pale St Fagans karibu na Cardiff, jeshi lao la watu wapatao 8,000, wengi wao wakulima wenye marungu, lilivunjwa na askari kama 3,000 wa Kanali Horton. Oliver Cromwell mwenyewe, jemadari wa Bunge ambaye baadaye angeitawala nchi, alikuja kuihusuru Pembroke, akaipata tarehe 11 Julai.

Wote watatu walihukumiwa kufa. Kisha ikaamriwa afe mmoja, na mtoto mdogo alipewa karatasi tatu awagawie. Mbili ziliandikwa kwamba uhai umetolewa na Mungu. Ya tatu haikuwa na maandishi, nayo ikamwangukia Poyer. Alipigwa risasi Covent Garden, London, tarehe 25 Aprili 1649. Laugharne aliishi, na mwaka 1661 alichaguliwa kuwa mbunge wa Pembroke, mji uleule. Poyer hakuwa malaika: inawezekana fedha zilipotea mikononi mwake, na ulevi wake ulisemwa sana. Lakini serikali iliyomuua ilikuwa imeupata mji huo bure kutoka kwake kwa miaka sita, ikamwacha na deni, ikawapa ushindi wake watu waliompinga.

Sasa nije kwa aliyenisumbua kuliko wote wakati wa kuandaa mhadhara huu. John Jones alitoka Maesygarnedd, shamba la bondeni katika Ardudwy, Merioneth, ile kaunti yenye mbunge mmoja. Kabla ya vita alikuwa mtumishi katika familia ya Myddelton huko London. Vita vikamfanya kanali, mwaka 1647 akaingia bungeni kwa kiti cha Merioneth, na mwezi Januari 1649 akawa miongoni mwa watu 59 waliotia saini hati ya kifo cha Mfalme. Mwelisi mwenzake katika orodha hiyo ni Thomas Wogan, mbunge wa Cardigan. Baadaye Jones alipelekwa Ireland kuwa mmoja wa watawala wake, akamwoa dada yake Cromwell, na barua zake zilizohifadhiwa zinaonyesha mtu wa imani kali aliyeandikiana na wahubiri wa Kiwelisi kama Morgan Llwyd. Jones hakugeuka hata mara moja. Alikuwa mkweli kuliko wote niliowataja, na alishiriki katika utawala ulioitesa Ireland. Msimamo wake ulikuwa thabiti, na uthabiti huo haukuwasaidia watu wa Merioneth waliomtuma, ambao wengi wao hawakutaka Mfalme auawe. Wanaowapima wanasiasa kwa kutogeuka peke yake watalazimika kumweka Jones juu ya Williams. Mimi siwezi.

Bunge la akina Jones lilijaribu kuitendea Wales jambo jema. Mwezi Februari 1650 lilipitisha sheria ya kueneza Injili nchini humo, likateua makamishna 71 chini ya Meja Jenerali Harrison, Mwingereza. Shule zipatazo 60 zilifunguliwa, na watoto wa kike nao walipokelewa. Hayo ni makubwa kwa zama hizo. Lakini makasisi 278 walifukuzwa, na wahubiri wa kuwarithi, wenye Kiwelisi cha kutosha, hawakupatikana, hivyo parokia nyingi zikabaki kimya. Mwaka 1653 Bunge lililoteuliwa na jeshi liliipa Wales viti 6 tu, na hakuna mkulima aliyeulizwa. Katika Wales ya Cromwell mwenye sauti alikuwa Kanali Philip Jones wa Swansea, aliyepanda kutoka ukoo mdogo hadi baraza la Cromwell na usimamizi wa nyumba yake, akanunua ngome ya Fonmon. Ufalme uliporudi mwaka 1660, Philip Jones aliinama na kubaki na mali yake. Huyo simtetei.

Wala simtetei John Glynne, niliyeahidi kumrudia. Alimshtaki waziri wa Mfalme mwaka 1641. Jeshi lilimfukuza bungeni mwaka 1647 akiwa mmoja wa wabunge 11, akafungwa. Hadi hapo ana heshima yangu. Mwaka 1655 alikubali kuwa Jaji Mkuu wa serikali ya jeshi hilohilo. Mwaka 1657 alimsihi Cromwell avae taji. Mwaka 1660 alimkaribisha Charles wa Pili, akapewa cheo cha Sir, na mwaka 1662 alikuwa katika waliomshtaki Sir Henry Vane, aliyekuwa mwenzake katika Bunge Refu, mpaka akakatwa kichwa. Katika kila mageuzi mali yake iliongezeka. Shamba la Hawarden alilipata kutoka katika mali za Lodi Derby aliyeuawa na Bunge, na vizazi vya baadaye viliishi hapo hadi likawa makazi ya William Gladstone, waziri mkuu mara nne, aliyeoa binti wa ukoo huo. Nikitafuta mtu ambaye kugeuka kwake kulimletea hasara yeye na faida kaunti yake, nampata Williams, nampata Myddelton. Nikitafuta kinyume chake, nampata Glynne. Vitabu vya kale viliwatupa wote katika kapu moja.

Yupo pia aliyekataa kuyumba na bado akabaki na heshima yangu yote: David Jenkins wa Hensol, Glamorgan, jaji aliyekamatwa na watu wa Bunge mwaka 1645. Alifikishwa mbele ya Bunge mwaka 1648, akakataa kupiga magoti, akasema mahakama isiyokuwa na Mfalme haina mamlaka ya kisheria juu yake. Alitozwa faini ya pauni 1,000 na kukaa kizuizini miaka mingi. Alikuwa ameshavuka miaka 60, na hoja yake ilikuwa ya sheria tupu, bila chembe ya kujipendekeza.

Hesabu zilifungwa mwaka 1660. John Jones alinyongwa na kukatwa vipande Charing Cross tarehe 17 Oktoba. Wogan alijisalimisha, kisha akatoroka kifungoni na kuishia Uholanzi. Sir John Owen, aliyewapora watu wa Conwy, aliasi mwaka 1648, akahukumiwa kifo pamoja na malodi, akasamehewa, akafa kitandani mwaka 1666, mwaka uleule waliofariki Glynne na Myddelton. Wales ilirudi kwenye wabunge wake 27, ndani ya Bunge lilelile, kwa Kiingereza kilekile, kana kwamba Jeshi la Amani la Glamorgan halikuwahi kusimama njiani na kumpa Mfalme masharti.

Wanafunzi wangu watakaoendelea na utafiti huu nawaomba waanzie huko Glamorgan na Conwy, katika orodha za mali zilizodaiwa na malalamiko ya michango, kabla ya kufungua hotuba za Westminster. Humo ndimo wapiga kura wa Wales walimoandika walichotaka. Kilichukua muda kujibiwa. Kura ya maoni ya mwaka 1997 kuhusu Wales kuwa na bunge lake ilipita kwa asilimia 50.3, na mwaka 1999 bunge la Wales lilifunguliwa Cardiff likiwa na wajumbe 60, wanaoruhusiwa kuzungumza kwa Kiwelisi au Kiingereza wapendavyo. Sheria ya mwaka 2024 iliamua wafike 96.